Bili ya Fundi Ikizidi Makadirio: Kaa Nayo Kwanza

Mlipatana shilingi 4,500,000 za ufundi. Boma limefika lenta, na sasa umeshika karatasi inayosema 6,120,000. Mawazo mawili yatakujia haraka: kulipa ili yaishe, au kupandisha sauti na kumfukuza fundi saiti. Yote mawili yana gharama. Ukilipa bila kuhoji, umeshamfundisha namna ya kukutoza kwenye kupaua, plasta na sakafu, ambazo bado zinakusubiri. Ukimfukuza, utatafuta fundi wa kumalizia kazi ya mwenzake, na kazi ya namna hiyo hutozwa ghali kwa sababu hakuna fundi anayependa kubeba makosa ambayo hakuyafanya.

Ninachokushauri ni kimoja: usigombanie jumla. Jumla haijadiliki, kwa kuwa haikuambii chochote zaidi ya ukubwa wake. Ivunje bili iwe mistari, kisha kila mstari uulize maswali matatu. Nani amesababisha gharama hii? Nani aliambiwa kabla kazi haijafanyika? Bei yake imetoka wapi? Mistari mingine utailipa yote kwa moyo safi, mingine nusu, mingine hutailipa kabisa, na fundi mwenyewe ataona kwa nini.

Mifano ya hapa ni ya nyumba ya kuishi Tanzania, ambako mara nyingi mwenye nyumba hununua vifaa na fundi hulipwa ufundi tu.

MLIPATANA NINI HASA?

Kabla hujaigusa bili, rudi kwenye mapatano. Watu wengi husema "tulikubaliana bei" bila kukumbuka ilikuwa bei ya namna gani, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani abebe hasara.

Kama mlipatana ufundi kwa jumla, yaani "boma hadi lenta, milioni nne na nusu", basi fundi ndiye aliyebeba hatari ya kukosea hesabu. Kazi ikimchukua wiki mbili zaidi ya alivyodhani, hilo ni lake. Ila jumla hiyo inaihusu kazi ileile mliyoitazama siku ya kupatana. Ramani ikibadilika, na bei inafunguka upya.

Kama mlipatana kwa kipimo, kwa mfano kwa tofali moja au kwa mita ya mraba ya plasta, jumla aliyokutajia mwanzoni ilikuwa makadirio tu. Bei ya kipimo ndiyo iliyofungwa. Kilichobaki ni kuhesabu kwa uaminifu.

Kama ni deiwaka, unalipa siku. Hapo hatari yote iko kwako, na bili ikizidi cha kukagua ni daftari la mahudhurio.

Na kama ni kandarasi ya vifaa na ufundi pamoja, mkandarasi alikupa mchanganuo wa vifaa na gharama, ule ambao mafundi na ofisi zote huuita BOQ. Huo mchanganuo ndio ngao yako. Utafute, kila mstari wake una bei ya kimoja.

Huna karatasi yoyote? Bado una mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Lakini panga hilo lina makali pande zote mbili. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu aliyenufaika na kazi ambayo hakufanyiwa kama zawadi amlipe aliyeifanya. Kwa hiyo stoo uliyoiomba kwa mdomo ukiwa umesimama juu ya jamvi, huwezi kuikana leo kwa sababu tu haikuandikwa.

KWA NINI BILI HUPANDA

Sababu ya kwanza ni ardhi, na hapa naomba umsikilize fundi kwa makini. Hakuna anayeiona ardhi hadi ichimbwe. Kiwanja chenye mteremko hula kozi za ziada upande wa chini. Udongo wa mfinyanzi hulazimisha msingi kwenda chini zaidi. Ukiwa na fundi mwaminifu, nyongeza ya msingi ndiyo yenye haki kuliko zote, na ukimkatalia leo, kesho atakaa kimya akiona udongo mbaya. Nyufa zitakuja kusema baadaye.

Sababu ya pili ni wewe. Dirisha lilisogezwa, choo cha ndani kikaongezwa, shemeji akaja akasema sebule ni ndogo. Kila mara fundi aliuliza, nawe ukajibu "endelea tu, tutaongea". Neno hilo limewagharimu wenye nyumba pesa nyingi kuliko wizi wa saruji. Fundi hulisikia kama idhini ya kazi pamoja na bei. Wewe ulimaanisha kazi tu.

Ya tatu ni unene na vipimo vinavyobadilika bila mtu kutangaza. Chukua jamvi la mita za mraba 80. Likimwagwa kwa unene wa sentimita 10, ni zege la mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, kila mita ya ujazo hula takriban mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50, hivyo unahitaji mifuko kama 52. Usawa wa kifusi ukiwa mbovu, jamvi likafika wastani wa sentimita 15, zege linakuwa mita za ujazo 12 na saruji inafika mifuko kama 78. Mifuko 26 imezama ardhini kwa sababu ya sentimita 5 ambazo hakuna aliyezipima. Hapo huenda hakuna mwizi hata mmoja, lakini kuna mtu aliyepaswa kusawazisha kifusi na kupima kabla ya kumwaga.

Zipo na nyingine fupi. Bei za vifaa hupanda: kama kandarasi ilikuwa ya bei moja kwa vifaa na ufundi, kupanda huko ni juu ya mkandarasi, isipokuwa mkataba unasema vinginevyo. Kazi iliyobomolewa kwa kukosewa ni ya fundi. Na kuna nyongeza isiyohusu saiti kabisa, yaani VAT. Makadirio yaliandikwa bila kodi, bili ikaja na kodi juu. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwenye bili ya milioni 10 hiyo ni 1,800,000. Anayeruhusiwa kukutoza VAT ni aliyesajiliwa kwa VAT peke yake. Muombe namba yake ya usajili na risiti ya EFD. Akikosa namba hiyo, mstari huo ufutwe.

HATUA KWA HATUA

1. Pokea bili, usilipe na usikatae. Siku hiyohiyo mtumie fundi ujumbe wa maandishi, kwa adabu, ili kuwe na kumbukumbu. Unaweza kuandika hivi: "Fundi, habari za leo. Bili nimeipokea, na ahsante kwa kazi. Kwa kuwa imezidi tulichopatana, naomba uniandikie kila nyongeza kwenye mstari wake: kazi gani, kiasi gani, bei ya kimoja. Jumamosi asubuhi tukutane saiti tupime pamoja. Isiyo na ubishi nitakulipa siku hiyohiyo." Kama fundi ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu fundi ana vibarua wanaomdai, na hofu yake kubwa ni kwamba maswali yako ni njia ya kumzungusha.

2. Jumlisha ulichokwisha kulipa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Fungua taarifa za miamala ya simu na benki, tafuta kila ulichomtumia fundi, pamoja na vile vidogo vya "niongezee ya vibarua". Usisahau pesa iliyopitia kwa ndugu au jirani. Mara nyingi salio unalodaiwa hupungua hapahapa, kwa kuwa advansi fulani haikuandikwa popote.

3. Nendeni saiti na futi ya kupimia. Pimeni pamoja, yeye akishika ncha moja na wewe nyingine. Andika kila kipimo papo hapo na mkubaliane nacho kabla ya kuhamia kingine. Huhitaji kuwa mhandisi: ukuta wa tofali la inchi 18 kwa 9 hula matofali kama 9 kwa kila mita ya mraba, ukitoa milango na madirisha. Upotevu wa wastani wa matofali yanayovunjika unakubalika, lakini ukikuta hesabu imepitiliza kwa mamia, uliza yalipokwenda.

4. Tumia bei zake mwenyewe. Kazi ya ziada inayofanana na ya mwanzo itozwe kwa bei ya mwanzo. Kama tofali lilijengwa kwa 700 ndani ya mapatano, halipandi hadi 1,200 kwa sababu limeitwa nyongeza.

5. Gawa mistari katika mafungu: nalipa, nalipa sehemu, silipi. Fanya hivyo nyumbani, ukiwa umetulia, kabla ya kikao.

6. Kaeni kikao cha watu wachache. Wewe, fundi, na shahidi mmoja mnayemheshimu wote wawili. Usimwite fundi mbele ya vibarua wake; akishaaibishwa atatetea hata asichokiamini. Anza na mistari unayoilipa, ndipo uende kwenye yenye ubishi.

7. Lipa kisichobishaniwa siku hiyo. Kushikilia pesa yote kwa sababu ya mstari mmoja wa laki mbili ni dhuluma. Pia kunakudhoofisha ikiwa mtafika mbele ya mtu wa kuamua.

8. Andikeni mlipofikia, msaini, kila mmoja abaki na nakala.

KISANDUKU: BILI MOJA, MSTARI KWA MSTARI

Tuirudie bili ya mwanzo. Huu ni mfano, lakini mistari yake utaitambua. Mapatano yalikuwa 4,500,000 kwa jumla, na ndani ya makadirio kujenga tofali kuliwekwa 700. Nyongeza ni 1,620,000, nayo fundi ameivunja hivi:

a) Kozi mbili za ziada za msingi: 480,000
b) Stoo iliyoongezwa: 650,000
c) Kubomoa na kujenga upya ukuta wa jiko: 210,000
d) Posho ya vibarua siku walizokaa bure: 180,000
e) Mengineyo: 100,000

Mstari wa kwanza. Mmepima kuta zote za msingi, zimefika mita 62. Tofali moja pamoja na mota hukaa kwenye sentimita 48 hivi, kwa hiyo kozi moja ni matofali kama 130, mbili ni 260. Kwa 700 kila moja, inakuja 182,000. Fundi anatoza 480,000. Usiseme "umeniibia". Muulize iliyobaki ni ya nini. Anaeleza kwamba msingi ulipopanda, ndani palihitaji kifusi zaidi, na vijana wake ndio waliokimwaga na kukishindilia kwa siku kadhaa. Ukitazama picha zako za simu, ni kweli. Hilo ni jasho, nalo halikuwamo kwenye hesabu ya tofali. Mnafika 300,000.

Stoo uliiomba mwenyewe. Mmeipima, bei inalingana na bei za mwanzo. 650,000, lipa yote.

Ukuta wa jiko ulipinda, ukabomolewa. Kosa ni la fundi, kwa hiyo mstari huu ni sifuri. Una haki hata ya kuuliza juu ya saruji na matofali yako yaliyopotea pale. Kama kazi nyingine ni nzuri, mimi ningeyaacha na kumwambia wazi kwamba nimeyaacha, ili naye alegeze kwenye mstari unaofuata.

Posho. Siku za mvua ni za fundi, maana mlipatana kwa jumla. Lakini kwenye daftari kuna siku mbili ambazo vibarua walikaa wakisubiri saruji uliyochelewa kuileta. Siku hizo ni zako: 60,000.

Mengineyo hayana jina, na kisicho na jina hakilipwi. Akiyataja, mtayajadili.

Umekubali 1,010,000 kati ya 1,620,000. Jumla mpya ni 5,510,000. Kama ulishamlipa 3,600,000, salio ni 1,910,000, na unamkabidhi palepale.

MAKOSA YANAYOWAPONZA WENGI

Kugawana nusu kwa nusu. Msuluhishi asiye na muda atapendekeza mpasue tofauti katikati. Inaonekana ni busara, lakini inamzawadia aliyezidisha zaidi: aliyeongeza milioni mbili za uongo anaondoka na moja. Gawaneni ndani ya mstari wenye shaka, kamwe msigawane kwenye jumla.

Kuzuia vifaa vya fundi. Toroli, mirunda na mbao zake za kufungia boksi si dhamana ya deni lako. Ukivishika umegeuka wewe kuwa mkosaji. Na yeye hana ruhusa ya kubomoa ukuta au kuondoka na saruji yako akisema ni fidia.

Kukimbilia polisi. Bili iliyozidi ni madai, na polisi si wakusanya madeni. Kwenda kwao kuna maana pale ambapo kuna jinai, kama risiti za kughushi au vifaa vilivyouzwa kwa siri.

Kusaini ili mtu aondoke. Fundi amekuja na vibarua saba wamekaa barazani, wanataka pesa, unaandika "nakiri kudaiwa" uwatoe uani. Usisaini. Andika tu kwamba umeipokea bili na mtakutana siku fulani.

UKIWA MBALI NA SAITI

Wanaojenga nyumbani huku wakifanya kazi Muscat, London au Minneapolis hupata bili kama picha kwenye simu, mara nyingi usiku, ikifuatana na ujumbe kwamba kazi imesimama. Haraka hiyo ndiyo unayopaswa kuikataa kwanza. Ndugu anayesimamia huenda ni mwaminifu kabisa, lakini amekaa na fundi kwa miezi na hawezi kumkagua bila kuonekana anamgeuka. Usimtwike mzigo huo. Mlipe mkadiriaji majenzi aende kupima siku moja na kukuandikia kilichopo na thamani yake. Tanzania wataalamu hawa husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mwambie ndugu yako mapema kwamba mtu huyo anakuja, na kwamba anakwenda kuihakiki bili, si kumchunguza yeye. Wakati mkisubiri, omba video inayoonyesha futi ikiwa imenyooshwa kwenye ukuta. Picha ya ukuta peke yake haina kipimo.

MKISHINDWANA KABISA

Anzeni karibu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji hana mamlaka ya kuandika hukumu juu ya bili yenu, lakini anawajua wote wawili, na mapatano yaliyosainiwa mbele yake hutunzwa. Mpe karatasi yenye mistari, usimpe hadithi.

Kama uliyempa kazi ni mkandarasi aliyesajiliwa, kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, nayo hushughulikia mwenendo wa makandarasi wake. Fundi wa mtaani asiyesajiliwa hayumo kwenye daftari lao.

Baada ya hapo ni mahakama. Kwa madai ya kiasi cha kawaida ni Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujisimamia mwenyewe. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya. Kokote utakakokwenda, beba hivi:

- mapatano ya mwanzo, hata kama ni jumbe za simu zilizochapishwa
- bili pamoja na mchanganuo wake
- orodha ya malipo, tarehe na namba za miamala
- vipimo mlivyochukua pamoja, vyenye saini za wote wawili
- picha za saiti kwa mpangilio wa tarehe
- ushahidi kwamba ulilipa sehemu isiyobishaniwa

KABLA YA KUPAUA

Kama mmemalizana vizuri na utaendelea na fundi huyohuyo, kazi inayofuata iandikieni karatasi moja kabla mbao hazijashuka kwenye gari. Iseme ni bei ya jumla au ya kipimo. Iorodheshe bei za vimoja. Iseme kwamba nyongeza yoyote hailipwi bila ujumbe wa maandishi wenye kazi na bei, na jibu lako la "nimekubali", kabla haijaanza; kwenye simu hilo linachukua dakika mbili. Malipo yafuate hatua: sehemu kenchi zikisimama, sehemu bati zikimalizika. Bakiza asilimia 5 hadi 10 hadi mvua kubwa ya kwanza ipite na mkague paa pamoja, na muitaje tarehe ya mwisho ya kuilipa hata mvua ikichelewa, ili fundi asisubiri pesa yake bila kikomo.